Ndizi Nilizoingiza kwa Mzee Lusambo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nikiwa sitaki kuikumbuka. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, katikati ya miaka ya tisini, baridi ya asubuhi bado haijakatika, na familia nzima ya mume wangu tumevaa nguo za kanisani tunakwenda kuitembelea bustani ya matunda ya zamani, upande wa Sibwesa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina mtoto mgongoni na kikapu kichwani, na nilijiona hakuna nisichokijua. Kaa nikuhadithie kabla hujaondoka. Sitapamba, maana habari yenyewe haina uzuri.

Kwanza ujue tulikuwa nani. Sisi ni watu tuliovuka ziwa kutoka Burundi mimi nikiwa bado nanyonya. Tukapewa makazi msituni, tukafyeka, tukalima mahindi na maharage, tukapanda migomba, tukazaa, tukawa watu wa huku. Leo tuna uraia na nyie watoto wetu mnatembea mnakotaka. Wakati ule ulikuwa hutoki kwenye makazi bila kibali chenye muhuri. Kwa hiyo safari ya kwenda kuona miti na kula machungwa haikuwa jambo la kuamka na kuondoka. Baba mkwe alikifuatilia kibali chetu wiki mbili, anaambiwa njoo kesho, naye kesho anakwenda.

Aliyeitaka safari hiyo alikuwa mabukwe. Ndivyo tunavyomwita mama mkwe kwa Kirundi, mabukwe, na wangu alikuwa mwanamke mkali, mfupi, asiyependa kitu kifanywe nusu. Mwaka ule wa kukimbia, yeye na mumewe walipita kwenye bustani hiyo hawajatia kitu mdomoni siku ya tatu. Mtunzaji wa bustani akawafungulia lango, akawaambia kuleni. Alikula machungwa mpaka midomo ikamwasha. Tangu hapo akawa anasema, iko siku nitarudi kumshukuru yule mtu kwa mkono wangu mwenyewe. Miaka ikapita zaidi ya ishirini, kila mwaka na sababu yake. Sasa amepata mjukuu, miguu imeanza kumsumbua, akasema ni mwaka huu au basi tena.

Bustani yenyewe, ungeiona wakati ule ungenielewa. Ilipandwa na mapadre wa Kizungu enzi za Mjerumani, ndivyo tulivyoambiwa. Walipoondoka, wazee wa kijiji kile wakaweka amri kwamba isikatwe tawi wala isilimwe ndani yake. Kulikuwa na michungwa mirefu kuliko nyumba, michenza, mistafeli, mikomamanga, na mizambarau imejipanga kuzunguka mpaka. Mtu yeyote aliruhusiwa kuingia Jumapili akala alichoweza, ila haruhusiwi kubeba. Na kwenye mizambarau ile ilining'inia mizinga ya nyuki, magogo yaliyochongwa katikati. Babu yake Mzee Lusambo ndiye aliyeitundika ya kwanza, kwa sababu aliona miti inazaa vizuri nyuki wakiwa karibu. Baada yake akaitunza mwanawe, kisha Mzee Lusambo mwenyewe. Huyo Mzee Lusambo ndiye aliyemfungulia mabukwe lango mwaka ule.

Tulifika jua limeshapanda. Wenzangu walitangulia kuingia, kila mtu na furaha yake. Mimi nilikuwa nyuma kwa sababu mtoto, Anisia, alikuwa amejichafua nikasimama kumbadilisha. Nilipofika langoni nikamkuta mzee mrefu, mkimya, ndiye Mzee Lusambo mwenyewe, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akatazama kikapu changu.

"Mama, hizo ndizi zinabaki hapa kibandani," akasema.

"Ni zawadi, mzee. Ni za kwako wewe."

"Nashukuru sana. Nitazipokea mkitoka. Ndizi mbivu huku ndani haziingii, nyuki wanachafuka."

Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza. Baadaye nimeuliza sana, watu wa nyuki wakanieleza kwamba harufu ya ndizi mbivu inafanana na ile nyuki anayoitoa akishachoma mtu, ile ya kuwaita wenzake waje vitani. Watoto wa Wabende na Wakonongo, wenyeji wa huku, walilijua hilo kabla hawajaota meno ya pili. Sisi tulikuwa watu wa migomba. Nyuki kwetu alikuwa mdudu anayependa vitamu, basi.

Nikasimama pale nafikiri. Kwetu zawadi haiachwi mlangoni. Mnaingia, mnaketi, maneno yanasemwa, ndipo zawadi inatolewa kwa mikono miwili mbele ya watu. Ukiiacha mlangoni ni sawa na kumwambia mwenyeji sitaki kuuona uso wako. Na mkungu ule wa ndizi za kisukari mabukwe aliukata mwenyewe, akauvundika mwenyewe, akachagua vichana vizuri. Nikimtokea mikono mitupu si angenikaanga mbele ya wote? Lakini nisikudanganye, mwanangu, haikuwa hofu peke yake. Ilikuwemo dharau. Nilimwona yule mzee mshamba. Nikasema moyoni, nyuki gani hao wanaokataa utamu.

Mzee akageuka kusalimiana na wageni wengine. Nikazifunika ndizi kwa nguo za mtoto, nikapita. Akaniuliza kwa nyuma, "Umeziacha, mama?"

Nikajibu, "Nimeziacha."

Tulitandika mkeka chini ya michungwa, si mbali na mzambarau mmoja. Baba mkwe alikuwa anawaonyesha wanawe mahali yeye na mkewe walipolala mwaka ule wa kukimbia. Mabukwe alikuwa anacheka, na yeye si mtu wa kucheka ovyo. Alimenya chungwa, akasema, "Ni lile lile. Hata uchachu ni ule ule." Mpaka leo namsikia akilisema.

Nikashusha kikapu. Njiani ndizi zilikuwa zimegongana, zimepasuka, maji yake yamelowesha nguo za mtoto. Mabukwe akazitazama akakunja uso, "Ndiyo umezibeba hivi?" Kisha akachukua moja iliyopondeka, akampakata Anisia, akaanza kumlisha kwa kidole huku tukimsubiri Mzee Lusambo aje aketi nasi.

Nyuki wa kwanza tulimpunga kwa mkono. Wa pili alimchoma shemeji yangu sikioni, naye akampiga kofi akamponda. Halafu nikasikia mlio juu yetu, na mwanga ukapungua. Sina namna nyingine ya kukuelezea. Watu wakaruka, kila mmoja na njia yake, mume wangu akanivuta mkono, na mimi nikakimbia. Nilikimbia, mwanangu. Nilikuwa nimeshafika langoni nilipokumbuka kwamba mgongoni sina kitu.

Mabukwe hakuweza kukimbia kwa ile miguu. Alimlaza mtoto kwenye mkeka, akamlalia juu, akajikunja na kitenge chake kumzunguka yule mtoto pande zote. Mgongo, shingo na kichwa akawaachia nyuki. Mzee Lusambo ndiye aliyemfikia, na kienge cha nyasi mbichi kinachofuka moshi mkononi, yeye mwenyewe anachomwa usoni. Alipomnyanyua, Anisia alikuwa na alama mbili tu, mkononi na kwenye paji la uso. Analia kwa nguvu zote.

Mabukwe tulimfunga kwenye baiskeli kumpeleka zahanati. Uso ulikuwa umevimba hadi simtambui. Kabla hajapoteza kauli aliuliza swali moja, "Mtoto?" Nikamwambia mzima. Hakuongea tena. Jua lilikuwa bado halijazama alipokata roho.

Siku ya nne ya msiba wazee wa kijiji kile walikuja kwenye kikao, pamoja na viongozi wa makazi yetu. Palikuwa pamechafuka. Vijana wetu walikuwa wanasema wenyeji wametutegea nyuki kwa uchawi kwa sababu sisi ni wakimbizi. Wengine wakasema mzee alichokoza mizinga asubuhi ile akiiba asali. Mzee Lusambo alisimama, uso wake bado una mabaka, akasema, "Mimi nina swali moja tu. Kuna mtu aliingia na ndizi?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyejua kwamba ndizi zilikatazwa, maana mimi peke yangu ndiye niliyeambiwa. Nilikuwa nimeketi na wanawake, Anisia ananyonya. Akanitazama. Nilihesabu vidole vya miguu yangu. Mume wangu akasema kwa hasira, "Mama yangu amekufa, wewe unatuuliza habari ya ndizi?" Mzee akakaa chini.

Kikao kikaamua mizinga yote ishushwe ichomwe moto, na yeye atoke kwenye ile nyumba ya mtunzaji aliyozaliwa. Mizinga ilichomwa kesho yake, moshi tuliuona tukiwa makaburini. Mzee akahama.

Nilijiambia nitasema msiba ukiisha. Msiba ukaisha, nikasema nitasema mavuno yakiisha. Nilikuwa nawaogopa wakwe, nikiona wakijua nitarudishwa kwetu bila mtoto. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuja ikaisha, na bado sikusema. Nilishazoea. Unaweza kuzoea jambo baya sana, mwanangu, ukapika, ukalima, ukacheka na majirani, nalo lipo tu ndani linakaa.

Bustani nayo ikaanza kufa. Mtunzaji mpya alikuwa mtu wa pombe. Mwaka wa kwanza mbuzi wakaingia. Mwaka wa pili mtu akakata mizambarau miwili akachoma mkaa. Na kwa kuwa nyuki hawapo, hata wauza machungwa waliokuwa wakiyanunua kwenye mashamba ya watu vijiji vile ili wayapeleke sokoni Kashaulili, Mpanda mjini, wakasema siku hizi ni madogo na machache. Mimi nilikuwa nasikia yote hayo nikigeuza uso.

Baba mkwe alikuwa mtu wa sala. Kila jioni kabla ya chakula tulisimama, akaombea mvua, akaombea wagonjwa, na mwisho akasema, "Na yule mzee wa nyuki, Mungu umlipe kama alivyotutenda." Wote tukajibu, "Amina." Na mimi nilijibu, miaka mitatu na miezi, kila jioni.

Siku moja baba mkwe alikuwa na kikohozi, sauti haitoki. Akamwambia Anisia, ambaye sasa ana miaka minne, amsaidie kumalizia sala. Mtoto akafumba macho, akaunganisha mikono vizuri, akasema, "Na yule mzee wa nyuki, Mungu umlipe." Akaitikia mwenyewe kwa sauti, "Amina!" Wakamsifu kwa kujua kusali. Mtu aliyekwenda kwenye moto wa nyuki akamtoa mtoto wangu, mtoto wangu anamlaani, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Asubuhi yake nilimfuata baba mkwe kwenye shamba la maharage. Nikapiga magoti kwenye matuta, nikamwambia yote. Langoni nilivyoambiwa, nguo za mtoto nilivyozifunikia, nilivyosema nimeziacha. Aliegemea jembe lake muda mrefu sana. Nilidhani atanipiga nalo, na ningeona sawa.

Akasema, "Mke wangu kufa kwa ndizi, hiyo nitaiita ajali. Ulikuwa mtoto, hukujua. Lakini mimi umenikalisha miaka mitatu namlaani mtu mbele za Mungu, na wewe unaniitikia. Hiyo nayo niiite nini?"

Akaliweka jembe begani. Akaniambia, "Amka. Tunakwenda kumtafuta."

Tukaomba kibali kingine. Tuliulizia kijijini kwake, tukaambiwa amekwenda Mamba, kule Mpimbwe, kwa mtoto wa dada yake. Tukapanda lori mpaka Mpanda mjini, tukalala kwa ndugu, tukapanda lori jingine, vumbi mpaka kwenye meno. Tulimkuta Mzee Lusambo ameketi kwenye kigoda uani, anachonga mpini wa jembe. Alikuwa amekonda, na jicho moja lina ukungu. Kule ni nchi ya mpunga, mizinga hakuwa nayo hata mmoja.

Baba mkwe, mtu mzima yule, mwenye mvi, alipiga magoti mbele yake. "Mzee mwenzangu, huyu mtoto ana neno la kukwambia. Akimaliza, na mimi ninalo."

Nikasema. Nilianzia langoni, nikaenda mpaka mwisho. Mzee hakuacha kuchonga. Nilipomaliza akasema, "Najua."

"Unajua nini, mzee?" nikamuuliza.

"Niliziona siku ile ile. Mlipombeba mama, nikarudi kuukunja mkeka wenu. Nikakuta ndizi zimepondeka na nguo za mtoto juu yake. Nikachimba, nikazifukia."

Baba mkwe akanyanyua kichwa. "Sasa mbona kwenye kikao hukusema? Uliuliza tu, ukakaa."

"Nilimtazama huyu. Ananyonyesha, na aliyekufa ni mkwe wake, na nyie mmepandwa na hasira. Nikasema nikimtaja leo watamfukuza, mtoto atakosa ziwa. Nikasema acha wapoe, atakuja mwenyewe aseme. Labda wiki hiyo hiyo." Akapuliza unga wa mti kwenye mpini. "Nikangoja. Siku ya kuhama nikamwachia jirani maagizo, kwamba yule binti wa wakimbizi mwenye mtoto mchanga akija, mwambieni nimekwenda Mamba."

Mwanangu, nimezika wazazi, nimemzika mume. Sijawahi kusikia neno lililoniingia kama hilo.

Baba mkwe alimwomba radhi kwa laana zake zote, akamsihi arudi, akisema atasimama mbele ya kijiji mwenyewe. Mzee akatikisa kichwa. "Nirudi kwenye nini? Mizinga ya babu yangu mlishaichoma." Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Alimwita mpwa wake atupikie wali, tukala kutoka sinia moja, yeye akinisogezea nyama upande wangu kwa sababu mimi nilishindwa kunyoosha mkono.

Tuliporudi nilisimama kwenye mkutano wa kijiji kile, nikasema tena mbele ya watu wote. Wengine walinizomea. Wengine waliinamisha vichwa, maana wao ndio waliobeba viberiti. Wazee wakatuma ujumbe Mamba kumwita arudi kwenye nyumba yake. Ujumbe ulimkuta mgonjwa, na masika hayo akafariki. Nilikwenda kwenye maziko, nikakaa nyuma, watu wa kule hawakujua mimi ni nani. Bustani leo utakuta michungwa michache, mingine mikavu imesimama tu. Nimempeleka Anisia akaiona, nikamwonyesha mahali pa mkeka, nikamweleza yote bila kujipunguzia. Kurudi alitangulia mbele, hakunisubiri. Nilistahili.

Sasa nikuambie ninachotaka ushike. Ukiingia kwa watu, ukaambiwa hiki hakiingii, kiache nje. Usingoje wakueleze kwanza, na usiwaone wajinga kwa sababu sheria yao huijui. Wao wameishi na jambo hilo mahali pale tangu kabla hujazaliwa. Kama zawadi yako itaonekana ya aibu kwa kuachwa mlangoni, basi ipate hiyo aibu, haiui mtu.

Na la pili, ambalo ndilo zito. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Utakosea, maana wewe ni mtu. Usiseme nitasema wakipoa, nitasema baada ya mavuno. Unapokaa kimya yupo mtu amebeba mzigo wako, na inawezekana anajua ni wako, na anautazama mlango kila siku akisema huenda leo atakuja. Mimi nilimweka mzee wa watu kwenye kungoja huko miaka mitatu, kumbe alikuwa ameshaniandalia njia yote, nimebakiza kutembea tu.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mdomo mwepesi siku utakayokosea, na magoti yasiyoona haya kukunjika. Akukutanishe na watu wenye subira, na wewe usiwachoshe. Na kila Amina utakayoitikia maishani mwako, iwe ni ya neno ambalo hutaogopa Mungu alisikie.